Vimelea vya Ndani kwa Vyura wa Porini: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Chura wa porini asiye na kimelea hata kimoja ni nadra kumpata. Mpasue chura mnene aliyegongwa na gari, aliyekuwa akila na kuruka vizuri mpaka dakika ile, na mara nyingi utakuta kitu: minyoo kwenye mapafu, kwenye utumbo, au kwenye kibofu cha mkojo. Hakuwa mgonjwa. Kwa hiyo ukiona mnyoo kwenye kinyesi, usikimbilie dawa. Swali la kujiuliza si kama chura ana minyoo, bali kama minyoo hiyo inaongezeka, na inaongezeka kwa njia gani.

Mwongozo huu ni wa anayemtunza chura wa porini kwa muda, kwa sababu amejeruhiwa, ameokolewa au yuko kwenye utafiti, na wa anayefuatilia hali ya bwawa au kijito. Kama umemwona tu chura akiwa kwenye makazi yake na unahisi ana minyoo, mwache alipo. Kumbeba hadi nyumbani ili umtibu humdhuru kuliko minyoo.

Njia fupi na njia ndefu

Vimelea vya vyura hukua kwa njia mbili. Kuna vinavyokamilisha maisha yao kwa chura peke yake na udongo au maji anayokaa: yai au mnyoo mchanga hutoka na kinyesi, hukaa siku chache kwenye unyevu, kisha humwingia chura yuleyule au jirani yake. Hiyo nitaiita njia fupi. Vingine lazima vipitie kwa mnyama mwingine kwanza, kama konokono, kereng'ende, mbu au ndege. Hiyo ni njia ndefu.

Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Kimelea cha njia ndefu hakiwezi kuongezeka ndani ya sanduku lako, kwa sababu konokono wake hayumo. Idadi aliyokuja nayo chura ndiyo hiyo, na itapungua kadiri minyoo inavyozeeka. Cha njia fupi hukuta kwenye sanduku kila kinachokihitaji: unyevu, kinyesi, na chura asiyeweza kuhama. Minyoo michache isiyo na madhara porini inaweza kuwa mzigo wa kuua baada ya wiki chache za kufungiwa.

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote

Vaa glavu zisizo na unga, uzilowanishe kwanza kwa maji yasiyo na klorini. Ngozi ya chura hunyonya karibu kila kinachoigusa, ikiwemo mafuta ya mikononi na mabaki ya sabuni. Kila chura awe kwenye chombo chake, na chini uweke karatasi laini yenye unyevu badala ya udongo, ili uone kinyesi na ukiondoe. Mpime uzito kwa mizani ya kidijitali siku ya kwanza, kisha kila baada ya siku chache, saa ileile. Bila namba hizo utakuwa unakisia tu.

Hakikisha pia sheria za mahali ulipo zinakuruhusu kumshika. Vyura wengi wanalindwa, na kumhamisha chura kutoka bwawa moja hadi jingine ni njia ya uhakika ya kusambaza magonjwa.

Dalili: Anakonda

Hili ndilo lalamiko linalorudi kuliko yote. Mifupa ya nyonga inaanza kuonekana mgongoni, mapaja yanasinyaa, macho yanaonekana makubwa kuliko kichwa.

Kisababishi cha kwanza si kimelea. Chura wa porini aliyefungiwa mara nyingi hukataa kula. Hajazoea chakula kisichotembea, anaona watu wakipita, hana pa kujificha, au joto si lake. Funika pande za chombo, mpe maficho, mwekee mawindo hai madogo jioni, kisha ondoka. Asubuhi hesabu yaliyobaki. Kama anakula na uzito unapanda, umemaliza.

Kama anakula vizuri kwa wiki nzima na uzito bado unashuka, sasa minyoo inaingia kwenye orodha. Wanaoshukiwa kwanza ni minyoo ya mviringo ya njia fupi: Rhabdias, unaokaa kwenye mapafu, na Strongyloides, unaokaa kwenye utumbo. Maisha ya Rhabdias yanastahili kueleweka vizuri. Mnyoo mkubwa hukaa ndani ya pafu akinyonya damu na kutaga mayai. Mayai husukumwa juu hadi mdomoni, chura huyameza, nayo hupita tumboni hadi kwenye kinyesi. Kwenye udongo wenye unyevu minyoo michanga hukua, huzaana, na kizazi kinachofuata hupenya ngozi ya chura na kusafiri mwilini hadi mapafuni. Chura hahitaji kula kitu chochote kibaya ili aambukizwe. Kukaa juu ya kinyesi chake mwenyewe kunatosha.

Baada ya hiyo huja minyoo ya kichwa cha miiba, ambayo chura huipata kwa kula wadudu na kamba wadogo. Inajichomeka kwenye ukuta wa utumbo kwa miiba yake, na ikiwa mingi inaweza kuutoboa. Mwisho kabisa, na kwa uchache, ni vijidudu vya seli moja kama amiba, ambavyo huja na kuhara na damu.

La kufanya kwanza halihitaji dawa: badilisha karatasi ya chini kila siku, osha chombo kwa maji ya moto na ukikaushe kabisa, na maji anayojilowesha yabadilishwe asubuhi na jioni. Ukiondoa kinyesi kabla minyoo michanga haijakomaa, umeikata njia fupi katikati. Vyura wengi wenye mzigo wa wastani hutengemaa kwa usafi huu pekee, na ndio maana nausisitiza kabla ya chupa yoyote ya dawa.

Hatua ya ndani zaidi ni kupima kinyesi. Kichukue kikiwa kibichi, chini ya saa chache tangu kitoke, kwenye karatasi safi. Udongo umejaa minyoo midogo isiyohusiana na chura kabisa, na kinyesi kilichokaa siku nzima huingiliwa nayo. Watu hutibu minyoo ya udongo bila kujua. Changanya kiasi kidogo na tone la maji yenye chumvi ya asilimia 0.7 hivi, funika kwa kioo chembamba, uangalie kwa hadubini. Mayai ya Rhabdias na ya Strongyloides yote huwa na mnyoo mchanga aliyejikunja ndani, na kuyatofautisha kwa macho ni vigumu. Hapo daktari anaweza kuangalia ute wa mdomoni au kuosha mapafu.

Acha na umpeleke kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa vyura ikiwa uzito umeshuka kwa sehemu ya kumi au zaidi tangu siku ya kwanza, ikiwa hawezi kujigeuza akilazwa chali, au ikiwa kinyesi kina damu.

Dalili: Kuna mnyoo kwenye kinyesi

Mnyoo mmoja mzima aliyetoka na chura anayekula ni habari, si ugonjwa. Mweke kwenye kichupa chenye pombe kali ya asilimia 70, andika tarehe, na uendelee kumpima chura uzito. Ukiona vipande bapa vyeupe vinavyojirudia, huenda ni tegu, na tegu wa utumbo wa chura kwa kawaida ni wa njia ndefu. Hana haraka.

Wapo pia wanaoingiwa na hofu kwa kile wanachokiona chini ya hadubini, siyo kwa macho. Kwenye kinyesi cha chura, na zaidi cha kiluwiluwi, utaona viumbe bapa vyenye umbo la jani, vinavyong'aa kama hariri, vikiogelea kwa kujizungusha huku mistari ya vinyweleo ikipita juu yake kwa mawimbi. Ni Opalina. Huishi sehemu ya mwisho ya utumbo, hula kinachopita, na hana madhara. Vivyo hivyo Nyctotherus, mnene zaidi na mwenye mfereji wa mdomo upande mmoja. Dawa ya kuwaua ipo, ila kumpa chura dawa hiyo kwa sababu ya Opalina ni kumsumbua bure.

Dalili: Anapumua kwa shida

Ondoa kwanza kengele za uongo. Koo la chura hupigapiga muda wote. Ndivyo anavyosukuma hewa. Kupiga haraka baada ya kushikwa ni woga. Na chura anayefungua kinywa mara kwa mara, akijisugua kwa mikono na kujinyoosha, huenda anajivua ngozi na kuila. Subiri nusu saa bila kumgusa.

Kinywa kilichobaki wazi ni jambo jingine. Chura husukuma hewa mapafuni akiwa amefunga kinywa, kwa hiyo anayekiacha wazi hapumui ipasavyo. Visababishi, kuanzia cha kawaida zaidi:

1. Joto kupita kiasi au chombo kisicho na hewa. Mhamishe mahali pa baridi na penye kivuli, uongeze matundu. Nafuu huonekana ndani ya saa moja.
2. Maambukizi ya bakteria mapafuni, mara nyingi na ute puani.
3. Rhabdias kwa wingi. Huambatana na kukonda na kuchoka haraka: anaruka mara mbili tatu kisha analala kifua chini.
4. Minyoo bapa ya mapafu, Haematoloechus. Hii ni ya njia ndefu: hutoka kwa konokono wa majini, huingia kwa mabuu wa kereng'ende, na chura huipata anapomla kereng'ende. Michache haimsumbui.

Kama chura amekufa na una ruhusa ya kumpasua, mapafu yatakupa jibu bila hadubini. Pafu zima la chura ni kifuko chembamba kinachopitisha mwanga. Rhabdias huonekana kupitia ukuta wake kama nyuzi nyeupe zenye mstari mweusi katikati; mstari huo ni utumbo wa mnyoo uliojaa damu. Haematoloechus ni mfupi, bapa, mwenye madoa meusi au kahawia, na mara nyingi bado anajikunja unapomtoa.

Chura hai anayeacha kinywa wazi hata baada ya kupozwa asisubiri kesho. Usimpe dawa ya minyoo mwenyewe. Minyoo mingi ikifa kwa mpigo ndani ya mapafu huyaziba na kuleta uvimbe, na chura anaweza kufa kwa tiba ambayo ingemponya kama ingetolewa taratibu.

Dalili: Tumbo au mwili mzima umevimba

Jike lenye mayai ndilo "ugonjwa" wa kwanza hapa. Mwangaze kwa tochi ndogo kutoka upande wa pili, gizani: mayai huonekana kama punje nyingi nyeusi, hewa hung'aa, maji hupitisha mwanga wa kijivujivu, na kitu kigumu kama changarawe alizomeza hubaki giza. Vyura wengi pia hujijaza hewa wakishtushwa na hurudi kawaida baada ya dakika chache.

Kama ni maji yaliyojaa chini ya ngozi, na mapaja yanatepetatepeta, figo, ini au moyo havifanyi kazi. Kwa chura mkubwa sababu kubwa ni maambukizi ya bakteria au virusi vya rana (Ranavirus, virusi vinavyoua vyura na viluwiluwi). Wekundu chini ya tumbo na mapajani ukiwepo, mtenge mara moja na usihangaike na minyoo. Kwa viluwiluwi wadogo kuna kisababishi cha vimelea kinachojulikana vizuri: minyoo bapa jamii ya Echinostoma, inayotoka kwa konokono, huingia kwa kiluwiluwi na kujifunga kwenye figo zake. Kiluwiluwi mchanga sana ana figo ndogo, na vimelea vichache humtosha kumfanya avimbe na kufa. Aliyekwisha kuota miguu huvistahimili.

Kibofu cha mkojo nacho kina mkazi wake, Polystoma, mnyoo bapa wa njia fupi. Huko kwenye jangwa la Arizona kuna jamaa yake, Pseudodiplorchis americanus, anayeishi kwenye kibofu cha chura aina ya Scaphiopus couchii. Chura huyo huingia majini usiku chache tu kwa mwaka, mvua zinapofika, na mnyoo huwaweka watoto wake tayari ndani ya mwili ili awaachie majini katika saa hizo chache. Namtaja kwa sababu anaonyesha jinsi kimelea na chura walivyozoeana muda mrefu. Polystoma ni nadra kuwa chanzo cha uvimbe.

Usimtoboe chura aliyejaa maji ili kumpunguza. Hiyo ni kazi ya daktari.

Dalili: Uvimbe au kitu kinachotembea chini ya ngozi

Punje ndogo ngumu, za rangi ya kijivu au nyeusi, zilizotapakaa bila kumsumbua chura, mara nyingi ni minyoo bapa michanga iliyojifunga ikisubiri ndege au nyoka amle chura huyo. Ziache. Mnyoo mrefu mwembamba anayeonekana akijipinda chini ya ngozi huweza kuwa filaria, ambaye huenezwa na mbu. Utepe mweupe bapa ndani ya misuli au chini ya ngozi, usio na umbo maalumu, huenda ni tegu mchanga wa Spirometra.

Huyo wa mwisho anakuhusu wewe mwenyewe. Spirometra hukomaa kwa paka na mbwa, lakini mnyoo wake mchanga huweza kuhamia kwa mtu anayekula nyama ya chura mbichi au isiyoiva, au anayebandika nyama ya chura jichoni au kwenye kidonda kama dawa. Humzunguka mtu chini ya ngozi, kwenye jicho, na mara nyingine kwenye ubongo. Usile, usibandike, na usiwape paka na mbwa mzoga wa chura. Osha mikono kila umalizapo kumshika, na watoto vilevile.

Usijaribu kumkata na kumvuta mnyoo. Akikatika, kinachobaki huoza ndani.

Dalili: Miguu ya ziada, iliyopinda au isiyokuwepo

Hapa swali ni la bwawa, siyo la chura mmoja. Mguu uliokosekana peke yake, hasa mmoja na wenye kovu, mara nyingi umeliwa: mabuu wa kereng'ende na samaki wadogo hung'ata miguu ya viluwiluwi inapoanza kuota. Miguu ya ziada ni hadithi tofauti. Mwaka 1995 wanafunzi katika jimbo la Minnesota, Marekani, walikuta vyura wengi wenye miguu ya ajabu kwenye bwawa moja, na kwa miaka kadhaa watu walibishana kama ni kemikali au jua. Mwaka 1999 Pieter Johnson na wenzake walionyesha kwa majaribio kwamba mnyoo bapa Ribeiroia peke yake huweza kuleta kasoro hizo, ikiwemo miguu ya ziada. Hutoka kwa konokono, hupenya kwa kiluwiluwi mahali miguu inapochipuka, na huvuruga ukuaji wake. Chura asiyeweza kuruka huliwa na ndege, na ndani ya ndege mnyoo hukomaa.

Ribeiroia aliyethibitishwa kuleta kasoro hizo, R. ondatrae, ni wa mabara ya Amerika. Kwingineko usimtaje bila ushahidi. Angalia kwanza kama kuna konokono wengi, na kama mbolea kutoka mashambani inaingia majini, maana mbolea hukuza mwani, na mwani huwalisha konokono. Piga picha, hesabu walio na kasoro na wasio nazo, na upeleke taarifa kwa idara ya wanyamapori au chuo kilicho karibu. Usimwage dawa ya kuua konokono kwenye bwawa. Itawaua viluwiluwi pia.

Dalili: Viluwiluwi au vyura wanakufa kwa wingi

Vimelea vya ndani huua mmoja mmoja, polepole. Vifo vya ghafla vya wengi huashiria kitu kingine: virusi vya rana, kuvu wa ngozi Batrachochytrium, sumu, au maji kukosa hewa. Kipo kimelea kimoja cha seli moja, Perkinsea, ambacho nchini Marekani kimeua viluwiluwi kwa wingi, wakielea wamevimba na ini likiwa kubwa na limepauka, lakini maabara ndiyo inayoweza kusema ni yeye.

Simama hapa. Usiwahamishe walio hai, usimwage maji ya bwawa hilo kwingine, na osha viatu na nyavu kwa dawa ya klorini kisha uzikaushe. Piga simu kwa mamlaka ya wanyamapori au ya mifugo siku hiyohiyo. Mizoga mibichi michache iwekwe kwenye barafu ikisubiri wao. Iliyooza haina msaada.

Dalili: Nyama nyekundu imetoka nyuma

Utumbo uliotoka nje huweza kusababishwa na minyoo mingi, changarawe alizomeza, au upungufu wa kalsiamu. Visababishi vyote vitatu vinangoja. Nyama hiyo haingoji. Iweke na unyevu kwa maji safi yenye chumvi ya asilimia 0.7, mwondoe kwenye karatasi inayonata, na umfikishe kwa daktari ndani ya saa chache. Usiisukume ndani kwa kidole.

Kuhusu dawa

Fenbendazole hutumika kwa minyoo ya mviringo, praziquantel kwa minyoo bapa na tegu, metronidazole kwa baadhi ya vijidudu. Majina haya yanapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, na hapo ndipo hatari ilipo. Chupa iliyotengenezwa kwa ng'ombe ina dozi ya maelfu ya vyura, na chura wa gramu 20 hana nafasi ya makosa. Ivermectin na levamisole zimeshawapoozesha vyura dozi ilipozidi: miguu inalegea na pumzi inadhoofika. Dozi ipangwe na daktari, kwa uzito wa siku hiyo, na kinyesi kipimwe tena baada ya wiki mbili.

Baada ya tiba, chura arudishwe palepale alipotoka, siyo kwenye bwawa linaloonekana zuri zaidi. Kama alikaa chumba kimoja na vyura wa mahali pengine, au waliofugwa, asirudishwe kabisa mpaka daktari na mamlaka ya wanyamapori waridhie, hata kama kinyesi chake sasa ni safi. Kuvu na virusi havionekani kwenye kipimo cha minyoo.